Maswali Yenu ya Seva: Kabla Hujagusa Kitu, Soma Logi

Haya wapendwa wasomaji, safari hii maswali ya seva yamezidi mengine yote, nimeyasoma na nimechagua yale yanayojirudia maana jibu la mmoja litawafaa wengi. Ombi langu ni moja tu. Ukiniandikia "seva imekataa" halafu ukaishia hapo unanilazimisha nibahatishe, na sipendi kubahatisha kwenye kazi ya mtu. Kopi ile mistari ya mwisho ya logi (faili ambamo programu inaandika kila kinachotokea), pesti, ndo tuongee.

Shikamoo. Mi ndo naanza kabisa. Mara nasikia seva, mara web seva, halafu mwingine anasema "seva yangu ni Nginx". Hivi seva ni ile mashine au ni programu? – Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Marahaba mwanangu. Ni vyote viwili, ndo maana watu wanachanganyikiwa. Mashine inaitwa seva kwa sababu ya kazi yake, inakaa imewashwa inasubiri wengine waombe kitu iwape, na programu inayofanya huko kusubiri na kujibu nayo inaitwa seva. Web seva ni programu inayosubiri maombi ya kurasa, ndo hizo Nginx, Apache, Caddy na nyinginezo. Mashine moja inaweza kubeba web seva, database (ghala la data) na barua pepe kwa pamoja bila kugombana kwa sababu kila moja inasikiliza kwenye poti yake, 80 kwa HTTP, 443 kwa HTTPS, 22 kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), 3306 kwa MySQL ambayo ni database. Chukulia mashine ni nyumba yenye anwani moja ya IP, poti ndo milango yake, anayegonga 443 anafunguliwa na web seva, anayegonga 22 anafunguliwa na SSH, na akigonga mlango ambao nyuma yake hakuna mtu anarudishiwa `Connection refused`.

Ukitaka kuiona milango yako andika `sudo ss -tlnp`. Angalia vizuri ile safu ya anwani, maana `127.0.0.1:3306` inamaanisha database inaongea na watu wa ndani ya mashine tu, lakini `0.0.0.0:3306` inamaanisha inasikiliza pande zote, na kama fayawoli (ukuta wa kuzuia wasiotakiwa) haijaizuia basi intaneti nzima inaweza kuigonga. Hiyo tofauti ndogo ya namba naomba uizoee kabla ya kitu kingine chochote.

Na usidhani seva lazima iwe limashine la ajabu. Web seva ya kwanza kabisa, ile ya Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa Web, pale kituo cha utafiti cha CERN, ilikuwa kompyuta ya NeXT ya mezani, ikabandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba hii mashine ni seva, msiizime.

Kaka, nichague Apache au Nginx? Kila mtu ananiambia lake. – Nimechoka kubishana

Kwa tovuti ya kawaida yoyote itakufaa, kweli kabisa. Apache ipo tangu 1995, Nginx ilitolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, na yeye alikuwa anahangaika na tatizo la wakati ule la kuhudumia watu elfu kumi waliounganishwa kwa mpigo kwenye mashine moja, ndo maana Nginx inabeba wageni wengi kwa memori kidogo. Mi binafsi naanza na Nginx kwa sababu konfigi yake inasomeka.

Ila kuna jambo moja la hatari ambalo wanaohama huwa hawaambiwi: Nginx haisomi faili la `.htaccess`, lile la sheria za folda linalosomwa na Apache. Ukihamisha tovuti ya WordPress toka Apache, ukurasa wa mwanzo utafunguka halafu kurasa nyingine zote zinatoa 404 (ukurasa haupatikani), hiyo utaiona mapema na dawa yake ni mstari wa `try_files` kwenye konfigi. Mbaya ni ile usiyoiona, yaani kama kuna folda ulikuwa umeifunga kwa `.htaccess` watu wasiingie, upande wa Nginx ile folda iko wazi na hakuna atakayekuambia. Kwa hiyo kabla hujahama tafuta mafaili yote ya `.htaccess` kwa `find`, soma moja moja, kila sheria uiandike upya kwenye konfigi ya Nginx.

Nimepata VPS (seva ya kukodi) yangu ya kwanza, nimepewa IP na paswedi ya root, yule msimamizi mkuu, nimeingia, naona giza tu na kasa, kile kimstari cha kuandikia, inapepesa. Nianzie wapi? – Mwenye seva mpya

Hongera sana dada (au kaka, hukusema). Anza kwa kuapdeti, `sudo apt update && sudo apt upgrade` kama ni Ubuntu au Debian, halafu moja kwa moja kwenye mlango wa SSH, maana seva mpya haikai muda mrefu kwenye intaneti kabla roboti hazijaanza kuijaribu paswedi. Fungua `/var/log/auth.log` (au andika `journalctl -u ssh`) utaona mwenyewe majina yanayojaribiwa, root, admin, test, oracle, mfululizo usiku na mchana. Usiogope, hakuna aliyekulenga wewe, wanapita kila IP.

SSH yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya mambo kama haya. Tatu Ylönen aliiandika mwaka 1995 huko Finland baada ya mtu kunasa paswedi zilizokuwa zinapita wazi kwenye mtandao wa chuo chake. Paswedi siku hizi hazipiti wazi ila bado zinabahatishika, kwa hiyo tunahamia kwenye funguo. Kwenye kompyuta yako, sio kwenye seva, tengeneza jozi kwa `ssh-keygen -t ed25519`, tengeneza yuza wa kawaida kule kwenye seva mwenye sudo (ruhusa ya kufanya kazi za msimamizi), mpelekee ufunguo wa hadharani kwa `ssh-copy-id`, kisha jaribu kuingia. Ukiingia bila kuulizwa paswedi ya seva ndo unaenda kwenye konfigi ya SSH kuweka `PermitRootLogin no` na `PasswordAuthentication no`.

Sasa hapa nisikilize kwa makini kwa sababu ndipo wengi wanapojifungia nje. Usifunge lile dirisha la terminali uliloingilia. Liache wazi, fungua dirisha la pili, jaribu kuingia upya kwa yule yuza mpya, na ukifanikiwa ndo ulifunge la kwanza, ukishindwa bado uko ndani unarekebisha. Na kwenye fayawoli ni hivyohivyo, `sudo ufw allow OpenSSH` inatangulia, `sudo ufw enable` inafuata, ukigeuza mpangilio umejipiga kufuli mwenyewe.

Halafu usiamini faili, uliza programu. Kuna watu wameandika `PasswordAuthentication no` kwenye `/etc/ssh/sshd_config` na bado paswedi inakubali, wanashangaa, kumbe kwenye `/etc/ssh/sshd_config.d/` kuna faili lingine lililowekwa na mtoa huduma wakati seva inaundwa linasema `yes`, na SSH inachukua ile thamani inayokutana nayo mwanzo. Andika `sudo sshd -T | grep -i passwordauth` itakuambia inachofuata kweli. Na kama utatumia Docker (inayoendesha programu ndani ya makontena) ujue poti unazozitangaza kupitia Docker zinapita pembeni ya ufw, yaani ufw itakuonyesha zimefungwa na huku ziko wazi kabisa, kwa hiyo zifunge kwa `127.0.0.1:` pale unapoandika poti.

Mkuu nisaidie haraka. Tovuti yangu inaleta 403 Forbidden, yaani umekatazwa. Nimeuliza sehemu wakaniambia nipige chmod 777 (komandi ya kubadilisha ruhusa) folda lote, nimepiga, bado. Sasa nifanyeje? – Nina haraka

Pole sana. Hiyo 777 tutaiondoa sasa hivi, ila kwanza fungua logi:

`sudo tail -n 20 -f /var/log/nginx/error.log`

Fungua ukurasa kwenye brauza ukiwa unaitazama. 403 ni namba moja yenye sababu nyingi na logi inakutenganishia. Ukiona `directory index of ... is forbidden` hilo sio suala la ruhusa kabisa, ni kwamba kwenye folda hakuna `index.html` au `index.php` au umeelekeza `root` kwenye folda la juu kuliko lile lenye kurasa. Ungepiga chmod mpaka kesho isingebadilika kitu. Ukiona `(13: Permission denied)` ndo tunaongelea ruhusa.

Ruhusa za Linux zinasomwa namba tatu, ya kwanza mwenyewe, ya pili kikundi, ya tatu wengine wote, na kila namba ni jumla ya 4 kusoma, 2 kuandika, 1 kutekeleza. Kwenye folda hiyo 1 inamaanisha ruhusa ya kupita ndani, na hapo ndo siri ya shida yako ilipo. Web seva kwa Ubuntu inatembea kama yuza anayeitwa `www-data`, na ili alifikie faili lazima aweze kupita kwenye kila folda toka `/` mpaka lenyewe lilipo. Nakisia umeweka tovuti ndani ya `/home`, si ndio? Toka Ubuntu 21.04 folda la nyumbani la yuza linaundwa na 750, yaani "wengine" hawapiti, kwa hiyo hata ndani uweke 777 elfu moja `www-data` anakwama getini. Andika `namei -l` ikifuatiwa na njia nzima ya faili lako, itakuorodheshea kila hatua na ruhusa zake, utaona mwenyewe anakwamia wapi.

Dawa safi ni kuhamishia tovuti `/var/www`, halafu mafolda 755, mafaili 644:

`sudo find /var/www/tovuti -type d -exec chmod 755 {} +`
`sudo find /var/www/tovuti -type f -exec chmod 644 {} +`

Faili lenye paswedi za database lipe 640 na kikundi kiwe `www-data`. Na kwa nini nachukia 777? Kwa sababu inamruhusu kila programu kwenye mashine hiyo kuandika kwenye kurasa zako, siku plagini moja ikiwa na tundu anayeingia anaandika anachotaka popote, na kusafisha tovuti iliyoingiliwa ni kazi ya kulia. Anayekushauri 777 hana nia mbaya, ila hajasoma logi.

Na 502 Bad Gateway je? Ilianza tu baada ya kuapdeti. – Wa PHP

Mdogo wangu, 502 maana yake Nginx mwenyewe ni mzima, ila yule aliyeko nyuma yake anayetengeneza kurasa, PHP-FPM au Node au Python, hajibu. Logi ileile. `(111: Connection refused) while connecting to upstream` ni kwamba programu ya nyuma imekufa au iko kwenye poti nyingine. `(2: No such file or directory)` ikitaja faili la `.sock`, na kwa sababu umesema umeapdeti nina hakika kubwa ndo hiyo: PHP imepanda toleo, soketi imebadilika jina kutoka mfano `php8.1-fpm.sock` kwenda `php8.3-fpm.sock`, konfigi bado inaita ya zamani. Rekebisha jina, andika `sudo nginx -t`, ikisema sawa ndo `sudo systemctl reload nginx`. Hiyo `-t` usiiruke hata siku moja, inasoma konfigi bila kugusa tovuti inayotembea, na ni `reload` sio `restart`, maana reload ikikuta kosa inaendelea na konfigi ya zamani lakini restart inazima kwanza halafu inashindwa kuwaka.

Diski ilijaa 100%, nikakuta logi moja ya GB nyingi nikaifuta kwa rm. Lakini df -h bado inasema 100%! Nafasi imeenda wapi? – Nimechanganyikiwa

Hili ni swali zuri kuliko yote ya leo. Kwenye Linux `rm` inafuta jina la faili, data yenyewe inaachiwa pale ambapo hakuna programu iliyolishikilia faili hilo. Web seva yako ilikuwa imelifungua inaandika, na mpaka sasa inaendelea kuandika kwenye faili lisilo na jina, wewe hulioni kwa `ls` lakini diski inalihesabu. `sudo lsof +L1` itakuonyesha mafaili ya namna hiyo na nani kayashikilia. Kwa Nginx piga `sudo nginx -s reopen`, itaachia la zamani na kufungua jipya, na nafasi itarudi palepale.

Siku nyingine ukitaka kupunguza logi inayotumika usiifute, ikate iwe tupu: `sudo truncate -s 0 /var/log/nginx/access.log`. Ila kabla ya kuikata itazame jamani, logi haivimbi bila sababu, pengine kuna roboti linakupiga maombi mfululizo au kosa moja linajirudia kila sekunde, ukikata bila kusoma baada ya siku kadhaa uko palepale. Kisha hakikisha `logrotate` inafanya kazi, hiyo ndo inazigawa logi na kuzifuta za zamani, usanidi wake uko `/etc/logrotate.d/`.

Kuna mwingine aliandika kwamba `df -h` inaonyesha nafasi tele lakini seva inasema `No space left on device`. Angalia `df -i`. Hizo ni inodi, kila faili linakula moja hata likiwa dogo vipi, na vijifaili vya seshoni vikirundikana kwa malaki unaishiwa inodi kabla ya diski.

Database inajizima yenyewe usiku, asubuhi naiwasha. Nimeweka kiskripti cha kuiristati kila saa. Ni sawa? – Mlinzi wa usiku

Hapana ndugu yangu, umeziba kengele. Andika `journalctl -k | grep -i "killed process"`. Nadhani utakuta kernel (kiini cha Linux) ndo inaiua: memori ikiisha kabisa Linux inachagua programu kubwa na kuikata ili mashine iendelee kuishi, na database mara nyingi ndo kubwa kuliko zote. Tazama saa ya tukio, linganisha na cron zako (kazi zinazojiendesha kwa ratiba), labda bakapu ya usiku na roboti za kutambaa kurasa zinakutana. Punguza idadi ya michakato ya PHP-FPM, ile `pm.max_children`, piga hesabu kila mmoja unakula memori kiasi gani zidisha, jumla isizidi ulichonacho baada ya kutoa cha database. Swapu kidogo (sehemu ya diski inayosaidia memori) itakusaidia kupumua, ila swapu sio memori.

HTTPS yangu iliisha muda bila taarifa, si hizi za Let's Encrypt zinajisasisha? – Msomaji

Zinajisasisha kama njia haijaziba. Let's Encrypt wanatoa vyeti vya HTTPS, cheti chao cha kawaida kinaishi siku 90, Certbot (programu ya kuviomba) inajaribu mapema kabla hakijaisha, na kwa njia ya kawaida wanahakiki kupitia poti 80, watu wengi wanaifunga 80 wakidhani 443 inatosha, kisha kusasisha kunashindwa kimyakimya. Zile barua pepe za kukumbusha Let's Encrypt waliacha kutuma mwaka 2025, kwa hiyo usizisubiri. Jaribu leo `sudo certbot renew --dry-run`.

Nimebadilisha DNS, mwenzangu anaona tovuti mpya mi naona ya zamani. – Nasubiri

Ni TTL, muda kwa sekunde ambao majibu ya DNS (daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa IP) yanaruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu za watu. Ilikuwa 86400 basi wengine watakaa na jibu la zamani mpaka siku nzima. Ukipanga kuhama tena ishushe iwe 300 siku moja kabla, na seva ya zamani usiizime mpaka logi yake ikae kimya.

Nina bakapu kila usiku, inaenda folda la /backup kwenye seva hiyohiyo. Niko salama? – Mwenye duka la mtandaoni

Hauko salama dada yangu, na nakuomba ulifanyie kazi leo. Diski ikifa inakufa na bakapu, mdukuzi akiingia anafuta vyote, ukikosea komandi moja vimeondoka vyote. Angalau nakala moja itoke nje ya mashine, kwa mtoa huduma mwingine ikiwezekana, na ni bora ile mashine ya bakapu ije kuchukua yenyewe kuliko seva yako kuwa na ufunguo wa kufuta kule.

Lakini nina swali moja kwako: umewahi kuirudisha? Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab (huduma ya kuhifadhia kodi za programu) aliyekuwa anahangaika na tatizo la database usiku alifuta folda la data kwenye seva isiyo yenyewe, ile kuu. Walikuwa na njia kadhaa za bakapu. Wakaenda kwenye bakapu za kila siku wakakuta hazipo, programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na database ikawa inafeli, na barua pepe za kutoa taarifa ya kufeli nazo zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mmoja wao aliichukua kwa mkono kama saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa, na data ya hizo saa sita ilipotea. Wao wenyewe waliandika yote hadharani, nawaheshimu sana kwa hilo.

Kwa hiyo chukua mashine tupu, hata ya ndani ya kompyuta yako, rudishia bakapu ya jana usiku mpaka duka lifunguke na oda za mwisho zionekane. Pima imechukua muda gani, andika kila hatua kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae kwenye seva. Mara ya kwanza kuna kitu kitakosekana tu, mara nyingi ni folda la picha au faili la konfigi lenye paswedi, kiongeze kwenye bakapu halafu rudia tena toka mwanzo. Ukikwama niandikie, uniwekee na mistari ya logi.